Yah: Picha ya Binti Yangu Iliyoingia Bustanini Bila Yeye

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote nakupongeza kwa bustani ya watoto uliyotuletea mtaani. Bembea zinang'aa, na ule mtelezo mwekundu unaonekana hadi kituo cha daladala. Kando ya bembea mmefunga bango kubwa: "Bustani ya Watoto Wote." Chini ya maneno hayo yumo binti yangu wa miaka tisa, kwenye kiti mwendo chake, anacheka. Alizaliwa na mgongo wazi, lakini kucheka hajambo. Siku ya uzinduzi vijana wanne walimbeba juu juu na kiti chake, wakamtua kando ya mgeni rasmi, picha ikapigwa, wakamrudisha nje kabla soda hazijagawiwa. Tangu hapo picha yake inakesha humo, mvua yake, jua lake. Mwenyewe mnamwona getini.

Naelewa kwamba kosa ni la kiti. Mimi ni fundi cherehani, tepu haitoki shingoni, kwa hiyo nilipima. Lango mlilolibana ili bodaboda zisipite lina sentimita 56. Kiti cha binti yangu, ukingo hadi ukingo, ni 63. Bodaboda, kwa taarifa yako, wanapitia pale uzio ulipolala.

Jioni moja watoto wa jirani walichoka kumsubiri mwenzao, wakakiinua kiti wakakivusha. Hawakufika mbali. Kokoto mlizomwaga zinapendeza machoni, ila yale magurudumu madogo ya mbele yalizama kama kijiko kwenye uji. Wakawa bado wanavuta, mlinzi akafika na kuwaonyesha kibao: vyombo vya moto na baiskeli haviruhusiwi. Nikamwambia, baba, hiki si chombo cha moto. Akahesabu kwa kidole. "Mama, magurudumu manne. Hili ni gari." Simlaumu. Ndiye mtumishi wako pekee niliyewahi kumwona akihesabu kitu chochote kinachomhusu binti yangu.

Nilikuja ofisini kwako. Afisa alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema: "Tatizo, mama, hao watoto hatuwaoni wakija. Tungewaona wanakuja, tungewajengea." Hoja hiyo nimeigeuzageuza wiki nzima natafuta pa kuifumulia, sijapaona. Kisha akanikumbusha kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Tuunde kikundi, tuandike katiba, tufungue akaunti. Nimemweleza binti yangu. Ameniuliza bembea inakopwa kwa riba kiasi gani.

Sitaki kukuchosha kwa sheria. Unajua kuwa nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kwamba ibara yake ya 30 inataja michezo ya watoto hawa kwa jina, wacheze sawa na wenzao. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo imemzidi binti yangu umri na bado haijatembea. Yeye angalau ana kiti.

Nisiwe mtovu wa shukrani, mteremko mmoja mmejenga: ule wa kupandia jukwaa la wageni. Nao nimeupima. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni kila sentimita 1 ya kupanda ipewe angalau 12 za urefu. Jukwaa lina kimo cha sentimita 60, kwa hiyo mteremko ulitaka mita 7 na ushee. Wenu una mita 1. Unafaa sana kwa kuteremshia spika.

Huko San Antonio, Marekani, tangu 2010 kuna bustani iitwayo Morgan's Wonderland, yenye bembea zinazobeba kiti mwendo pamoja na aliyekikalia, na mwenye ulemavu halipi kiingilio. Siiombi hiyo, isije ikazaa safari ya mafunzo. Naomba lango la sentimita 90. Njia ya zege kutoka langoni hadi bembeani. Bembea moja yenye egemeo la mgongo na mkanda. Mchanga kidogo upandishwe kwenye meza ambayo magoti yanaingia chini yake. Na kijana wa nyumba ya tatu, mwenye usonji, apate kona ambayo kelele za hizo spika hazifiki. Haya yote yangekuwa bei poa kabla ya kumwaga zege. Hata mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza anajua kwamba mteja hupimwa kabla ya kukata kitambaa.

Kama haiwezekani, basi bango lishushwe mniletee nyumbani. Vitambaa vile ni vigumu, vinafaa kufunikia cherehani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama yake yule wa kwenye bango

Kiambatisho: tepu moja ya kupimia, sentimita 150. Naomba irudishwe kabla ya Ijumaa, nina sare za shule za kushona.

Nakala: Mlinzi wa zamu, getini.