Kabla Hujabishana Baba Dogo

Ukitaka kunyolewa Baba Dogo, Nairobi, bila kuingizwa kwenye ubishi, nenda Jumanne asubuhi. Saa hizo shifti ya mchana imeshamezwa na viwanda, ya usiku imelala, na kinyozi mwenyewe bado anazozana na mashine yake. Jumamosi jioni ni habari nyingine. Benchi la mbao lililo mlangoni huwa na watu sita, na wanaosubiri kunyolewa ni wawili tu. Wanne waliobaki wako kazini, na kazi yao ni kukungoja wewe, mgeni, utoe simu mfukoni.

Nimeishi mtaa huu miaka ya kutosha kushindwa katika kila aina ya ubishi unaofanyika hapo. Nakuandikia ili yaliyonipata yasikupate. Mitaa mingine hubishana kuhusu siasa na Gor Mahia. Sisi pia tunabishania hayo, lakini siasa hungoja uchaguzi na Gor hungoja mechi. Simu na nyimbo hazina msimu.

Kwanza, simu yako ilaze kifudifudi. Ikilala chali imekwisha kusomwa. Kama ni Tecno, mwenye Infinix ataitazama kwa huruma ya mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa. Kama ni Infinix, mwenye Tecno atakuuliza betri inakaa siku ngapi, na jibu lolote utakalotoa atalipokea kwa "Eeeh" ndefu inayopanda mwishoni. Kama ni itel hakuna atakayesema kitu, na huo ndio msiba.

Hapa kuna jambo utakalojaribiwa kulisema, nami nakusihi ulimeze. Tecno, Infinix na itel ni watoto wa nyumba moja, kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China. Ilianza mwaka 2006, ikauza mamilioni ya simu Afrika wakati watu wa nchi yake wenyewe hawaijui. Nililisema jambo hili mara moja, nikidhani nimeleta amani. Benchi likanyamaza. Mashine ya kinyozi nayo ikanyamaza. Kisha fundi wa simu, ambaye kibanda chake kimeegemea cha kinyozi, akatoa kichwa dirishani akasema, "Hata Kaini na Abeli walikuwa wa mama mmoja, boss." Ubishi ukaendelea pale ulipoachiwa, nami nikahesabiwa kuwa mtu aliyesoma kupita kiasi.

Mwenye iPhone ya mtumba kutoka Uingereza usimguse. Anatembea na pawabenki kama mgonjwa na dripu yake, na tayari anajua. Wala usimcheke aliyechukua simu ya mkopo ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Jumamosi moja kijana mmoja alikuwa anatuonyesha jinsi kamera yake inavyopiga picha gizani vizuri kuliko za wengine wote. Alipofika kwenye kubonyeza, skrini ikajifunga na kumkumbusha kuwa hajalipa tangu Alhamisi. Tulitazama chini wote. Ubishi una adabu zake.

Jihadhari zaidi na mzee anayekaa mwisho wa benchi, upande wa ukuta. Alistaafu kiwandani, na ana kidonda cha mwaka 2012. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba mwaka huo, Tume ya Mawasiliano, CCK ya zamani, ilizima simu bandia karibu milioni 1.9 nchini, na yake ilikuwamo. Ilikuwa na laini tatu, antena ya televisheni ya kuvuta, tochi, na spika za kuamsha ploti nzima. Jina lililoandikwa mgongoni lilifanana na Nokia kwa mtu asiyevaa miwani. Mpaka leo hasemi ilizimwa, husema iliuawa. Ukijifanya mjuzi ukamweleza kwamba kila simu halali ina namba yake ya tarakimu 15, unayoiona ukibonyeza *#06#, atakujibu, "Yangu pia ilikuwa na namba, kijana." Na ni kweli, ilikuwa nayo. Tatizo ni kwamba simu bandia nyingi zilikuwa na namba ileile moja, au namba za kubuni. Usimweleze hilo. Muulize tu antena yake ilivuta stesheni gani.

Sasa wufa, zile spika za besi. Ukipanga chumba hapa utagundua kuwa kuta za ploti zimejengwa kwa imani. Jirani yako atakuwa na wufa, na kwenye boksi lake, ambalo halitupwi bali huwekwa juu ya kabati kama cheti cha ndoa, pameandikwa wati 12,000 PMPO. Jirani wa pili ana ya wati 15,000. Hao wawili watakuita uwe hakimu. Ukweli ni kwamba PMPO ni hesabu ya mshindo wa nukta ya sekunde, na hakuna kanuni moja inayoilinda, kwa hiyo kila kiwanda huandika ndoto yake. Geuza kifaa nyuma, soma kibandiko kidogo kilicho karibu na waya wa stima. Hapo utakuta wati 60, pengine 80. Hicho ndicho kiasi kinachotoka ukutani, na spika haiwezi kutoa zaidi ya inachomeza. Niliwasomea majirani zangu kibandiko hicho mchana. Walinijibu saa tano usiku, wote wawili kwa pamoja.

Memori kadi nitaigusa kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Ukiuziwa mjini, Luthuli Avenue au kandokando yake, kadi ya gigabaiti 64 kwa bei ya sahani ya chapo madondo, jua kwamba ndani mna gigabaiti nne zilizofundishwa kusema uongo. Simu huiuliza kadi ina nafasi kiasi gani, kadi hujibu 64, na simu, kama mkwe mpya, huamini. Ukiijaza, nyimbo mpya hulala juu ya za zamani bila kukwambia. Unafungua wimbo wa injili uliowekewa Krismasi, kimya. Ijaze yote, kisha ufungue faili ya kwanza na ya mwisho kabla hujaondoka mbele ya muuzaji. Ndiyo, atakuangalia vibaya.

Lakini hayo yote ni maji ya kunawa. Chakula chenyewe ni nyimbo.

Baada ya fundi kuna duka la muvi. Mwenye duka ana kompyuta moja, feni moja, na ukuta uliobandikwa picha za filamu, nyingine zikiwa na sauti ya DJ Afro juu yake, ambaye humfanya jambazi wa Hong Kong aongee kama kondakta wa matatu. Unampa flashi au kadi yako na kusema, "Niwekee za hamsini." Huulizwi za nani. Anakutazama, anakisia umri wako na kabila la mama yako, anaanza kumimina: rhumba, injili, genge la zamani, gengetone, mixi za madijei. Mimi hunipa za wazee. Sijawahi kukata rufaa.

Swali linalowaka kila Jumamosi ni hili: yule jamaa anaiba, au anagawa?

Upande mmoja yuko kijana wa chuo. Yeye hulipia Spotify kila mwezi tangu ilipofika Kenya Februari 2021, na huvaa jambo hilo kama tai. Upande wa pili yuko mzee wetu wa simu iliyouawa. Nitakupa mazungumzo yao jinsi nilivyoyasikia, kwa kuwa sijasikia wakili aliyeyazidi.

"Ukilipa, nyimbo ni zako?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee, unasikiliza tu. Lakini unasikiliza zote."

"Kwa hiyo umepanga."

"Tuseme hivyo."

"Na ukichelewesha kodi?"

"Unabaki na za bure, zenye matangazo."

"Na bando likiisha?"

"Unakuwa umezipakua mapema. Lakini kodi ikiisha, hizo zinafungwa."

Mzee akageukia benchi. "Huyu amepanga nyumba, sasa amepanga na nyimbo. Yule jamaa wa muvi angalau hukupa ufunguo."

Usiingilie hapo. Utatamani kusema kwamba ufunguo wenyewe ni wa kuibwa, na kwamba kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Wote wanajua. Kila mmoja hapo anaweza kukutajia sheria hiyo huku akipokea nyimbo kwa programu ya Xender. Mzee mwenyewe aliwahi kunakili santuri kwenye kanda akampelekea ndugu yake Kisumu, ndugu akamnakilia shemeji, na kanda ya shemeji ikawa inavuma kama mvua juu ya mabati. Kwake yeye huko kulikuwa kugawana, kama unga. Na Marekani vijana wa Napster waligawana vivyo hivyo kuanzia 1999, mpaka kampuni za muziki zikawafikisha mahakamani na mtandao ule ukafungwa 2001. Hakuna aliyeacha kugawana. Walihama tu.

Kuna makosa mawili ya kiufundi ambayo unaruhusiwa kuyasahihisha, ukiwa umekaa karibu na mlango. La kwanza ni la kinyozi, anayeamini kwamba wimbo ukirushwa kwa Bluetooth mara nyingi huchakaa. Hilo ni la kanda. Faili ikifika salama, nakala ya mia ni sawa na ya kwanza, herufi kwa herufi. La pili ni la yule anayejisifu kwamba nyimbo zake zote ni "320". Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti nne, na kwa 320 hula karibu kumi. Lakini yeye amezitoa YouTube, zikiwa zimeshabanwa, akazigeuza kuwa 320 kwa programu ya bure. Ameongeza maji, maharagwe ni yaleyale. Kadi yake imejaa, masikio yake hayajapata kitu. Nilimweleza hivyo kwa upole, naye akasema tatizo ni spika za simu yangu.

Mtu akitaja "Malaika", simama uage. Ubishi wa ni nani aliyeutunga, Fadhili William aliyeurekodi au Adam Salim aliyedai ni wake, umewashinda watu wenye karatasi na mawakili, na kinyozi hufunga saa tatu.

Na ukisikia mtu anasema wanamuziki walipwe kupitia vyama vyao, subiri. Kuna atakayekumbusha benchi jinsi mwaka 2019 wanamuziki walivyoanika jumbe za M-Pesa kutoka chama chao, MCSK, za shilingi 2,530. Hapo mwenye duka la muvi, ambaye hajasema neno jioni nzima, hukohoa kidogo. Hukohoa tu.

Kwa miaka mingi nilimhesabu yeye kuwa mwizi na wengine wote kuwa wapokeaji, nami nikiwemo. Kisha siku moja nikiwa dukani akaingia kijana wa ploti ya nyuma, mwenye flashi nyekundu shingoni. Tangu vijana wa kundi la Ethic wa Umoja walipotoa wimbo wa "Lamba Lolo" mwaka 2018, kila ploti huku Eastlands ina kundi lake, na huyu ni mmoja wao. Nilidhani amekuja kununua. Alikuwa amekuja kuuweka wimbo wake kwenye ile kompyuta, ili kila atakayesema "niwekee za hamsini" aupate katikati ya nyimbo za wakubwa bila kuuomba. Matatu huuchukua hapo, wahudumu wa baa huuchukua hapo. Nikamwona anatoa noti ya shilingi mia mbili, anamlipa mwenye duka.

Nilimuuliza kama haoni ajabu, mwenye mali kumlipa anayeimwaga. Akaniambia, "Buda, nikiibiwa sana, ndio nitaitwa shoo." Shoo ndiyo inayolipa. Lakini hajaitwa nyingi, kwa kuwa mtoto wa ploti huombwa aimbe bure, na watu wa nyumbani ndio wa kwanza kuomba.

Benchini sijawahi kusikia mtu akimuuliza maoni yake. Huja kunyolewa Jumamosi kama sisi, hukaa, husikiliza mzee na mwanachuo wakigawana mali yake, na zamu yake ikifika huinama. Wimbo wake ni wa saba kwenye kadi yangu, na si mbaya, ingawa besi imezidi.

Basi ukifika Baba Dogo, uliza kijana wa flashi nyekundu. Mpe chochote mkononi, hata shilingi hamsini, kwa ule wimbo ambao pengine tayari unao. Simu yake ni itel. Usimwambie kitu.