Ujirani Mwema wa Shilingi Mia Tano

Mwaka huu wa 2025 watoto wangu wote watatu wako madarasa ya mitihani. Kitinda mimba yuko la nne, wa kati la saba, mkubwa kidato cha pili. Mama watoto anasema tungeangalia kwanza ratiba ya Baraza la Mitihani, NECTA, kabla ya kuzaa. Nimemwambia sisi hatukuzaa kwa ratiba. Kajibu kuwa ndiyo maana tunalipa kwa ratiba.

Asiye na mtoto shuleni atashangaa nalalamikia nini. Mitihani ya taifa si ni mara moja kwa mwaka? Darasa la saba Septemba, la nne Oktoba, kidato cha pili Novemba, basi. Ingekuwa basi kweli, ningekaa kimya nikanywa chai yangu. Kinachonimaliza ni mitihani ya kujiandaa na mtihani.

Chukua huyu wa darasa la saba. Ana jaribio la kila wiki. Ana la mwezi. Ana nusu muhula na muhula, hiyo hata sisi tuliikuta, sina neno. Halafu unakuja mtihani wa ujirani mwema, ambapo shule mbili tatu za karibu zinatungiana maswali na kusahihishiana. Ukiisha huo, unakuja wa kata. Wilaya nayo haiwezi kukaa inategemea habari za kata, kwa hiyo inatunga wa kwake. Mkoa hauiamini wilaya. Wote hao wakishajiridhisha kwamba mtoto hajui sehemu, kunatokea kitu kinaitwa pre-NECTA, ambacho sijapata mtu wa kuniambia nani alikianzisha na kwa nini hajakamatwa.

Nasi tunalipia. Elimu ni bila ada tangu 2016, kwa mujibu wa waraka uliotolewa mwishoni mwa 2015, na nitakuwa mwongo nikisema kuna mtu aliwahi kunidai ada. Ada hawaijui hata kwa jina. Wanachodai ni hela ya karatasi.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Sema tu, shilingi ngapi?"

Mtoto akikusalimia mara mbili jioni moja, ujue ya pili ina bei.

"Mwalimu kasema kesho kila mtu aje na mia tano ya ujirani mwema."

"Si nilitoa juzi?"

"Ile ilikuwa ya kata, baba."

Jirani yangu ninayepakana naye ukuta, ambaye mabomba yake yananivujia mwaka wa tatu sasa, hajawahi kunitoza hata senti ya ujirani. Lakini mchango huu ni wa hiari, tulielezwa kwenye kikao cha wazazi. Hiari yenyewe iko hivi: usipotoa, mtoto anarudishwa nyumbani kuja kukuuliza kama bado una hiari.

Mia tano haiui mtu, najua. Ziweke za watoto watatu, weka na rimu la karatasi ambalo kila mzazi wa darasa la saba ameombwa, weka penseli HB ambazo zinapotea kama zina miguu, halafu uje uniambie. Nasikia shule nyingine kuna na kambi: watoto wanalala shuleni miezi ya mwisho, wazazi wanapeleka mchele, maharage na kuni. Yetu bado haijafikiria hilo. Tafadhali msiwaoneshe gazeti hili.

Ila siku moja niliwaza jambo nikaacha kuwaza hela. Hawa watoto wanafundishwa lini? Wiki hii mtihani. Wiki ijayo mwalimu anasahihisha, na darasa lenyewe lina watoto zaidi ya mia, simlaumu hata kidogo. Wiki inayofuata wanafanya masahihisho. Wakimaliza masahihisho, wa wilaya umeshafika. Chungu cha maharage ukikifunua kila dakika kuona kama yameiva, yatakesha jikoni, na hapa kwetu wanaofunua ni shule, kata, wilaya na mkoa, kila mmoja na mwiko wake. Wa kuongeza kuni simuoni.

Mtoto mwenyewe amekuwa fundi, si wa masomo, wa mitihani. Tangu 2012 majibu ya kuchagua ya darasa la saba yanasahihishwa na mashine: mtoto anasiliba herufi kwa penseli, mashine inasoma weusi. Nilimuuliza wa kwangu swali la asilimia, la kawaida kabisa, la duka na faida. Akaniuliza, "Machaguo yako wapi?" Nikamwambia hakuna machaguo, hii ni hesabu. Akaniangalia kama mtu anayetaka kumtapeli.

Baadaye alinifundisha siri. Jibu refu kuliko mengine mara nyingi ndilo lenyewe. Majibu mawili yakifanana, moja ni sahihi na jingine ni mtego. Ukikwama kabisa, siliba C. Herufi ziko tano, A mpaka E, kwa hiyo hata mbuzi akifundishwa kushika penseli atapata moja katika tano. Hiyo ya mbuzi ni yangu. Hizo nyingine kazitoa darasani.

Nikasema angalau nitaokoa hela ya vitabu: la saba akimaliza, vyake vitashuka kwa mdogo wake. Kumbe nimechelewa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na haukuwagusa wote. Huyu wa la saba amebaki na mtaala wa zamani, anasoma Maarifa ya Jamii na Uraia na Maadili. Mdogo wake, meza hiyohiyo, taa hiyohiyo, anasoma Jiografia na Mazingira, na Historia ya Tanzania na Maadili. Mlima Kilimanjaro haujahama, lakini umehamia kitabu kingine, na mimi ndiye wa kukinunua.

Mtu atasema huyu mzee ni mvivu, hataki watoto wapimwe. Basi aanze kugombana na Mwalimu Nyerere, maana yeye ndiye aliyeandika mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba mitihani ishushwe hadhi machoni pa serikali na watu, na kwamba shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe, si chumba cha kusubiria sekondari. Miaka sita baadaye tukaanzisha Baraza la Mitihani. Sina ugomvi na Baraza, na 2023 lilifanya jambo la maana, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Nikadhani mashindano yamekwisha. Wapi! Kwetu mtihani wa wilaya ukitoka tu, orodha inapangwa kuanzia shule ya kwanza hadi ya mwisho na kusambazwa kwenye simu. Mwalimu mkuu wa shule ya mkiani anaitwa kikaoni kujieleza. Akirudi kutoka huko, unadhani atafanya nini? Ataongeza mtihani.

Niliwahi kusimama kwenye kikao cha wazazi nikapendekeza mitihani ya kata, ya wilaya na ya mkoa iunganishwe iwe mmoja. Wazazi wakapiga makofi. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango mzuri, akasema utafikishwa ngazi husika. Jibu lilikuja wiki mbili baadaye kupitia kwa mtoto: kuna mtihani mpya wa majaribio, mia tano.

Mama watoto ananifariji kwamba mwaka huu utaisha. Nimechukua karatasi nikapiga hesabu, hesabu isiyo na machaguo. Mtaala mpya unamaliza shule ya msingi darasa la sita, kwa hiyo mwaka 2027 la sita na la saba watamaliza pamoja nchi nzima. Kitinda mimba wangu atakuwa la sita. Wa kati, Mungu akijalia, atakuwa kidato cha pili. Mkubwa atakuwa kidato cha nne. Wote watatu, kwa mara nyingine, madarasa ya mitihani.

Mwenye duka la vifaa vya ofisini anayesoma hapa, naomba tuelewane bei ya rimu mapema. Nitachukua kwa jumla.