Risiti ya Kesho, Seva ya Jana

Usiku wa kuamkia leo roboti ya ofisini imenitangaza kwenye kundi la kazi, bosi akiwemo: "IMEFELI", alama nyekundu, na majina yangu yote matatu. Nilichofanya ni kuhamisha herufi moja tu. Kitufe kilichoandikwa "Lpia" nilikifanya "Lipa". Bosi akajibu kwa emoji ya macho mawili.

Roboti yenyewe ni kiumbe cha ajabu, haki ya Mungu. Ukipandisha msimbo wako kwenye hazina ya pamoja, inauchukua, inawasha kompyuta tupu isiyojua lolote, inaiunda programu upya tangu mwanzo, kisha inaendesha majaribio yote, moja baada ya jingine, bila kusinzia wala kudai posho. Ukijitetea "mbona kwangu inakubali?", haisikii. Sawa ni kijani, kasoro ni nyekundu.

Sasa kuna jaribio lililoachwa na mtu aliyekwisha kuhama kazi. Linatengeneza risiti, kisha linauliza: je, tarehe yake ni ya leo? Risiti inafuata saa za Dar es Salaam. Jaribio linafuata saa ya seva, inayokwenda kwa UTC, saa tatu nyuma yetu. Mchana kutwa wanaelewana. Ikigonga saa sita usiku, risiti inaingia siku mpya, seva bado iko jana, na hawapatani tena mpaka saa tisa. Mimi nilipandisha "Lipa" yangu saa saba.

Juzijuzi diski ya seva ilijaa, nikatangazwa mimi. Kabla ya hapo intaneti ilikatika, mimi tena.

Dawa ya ofisini ni kubonyeza "Rudia" mpaka iwe kijani. Hapo ndipo kicheko kinaponiisha. Kuna nyekundu moja ilikuwa ya kweli: VAT ya asilimia 18 ilikuwa ikitozwa mara mbili. Wakarudia, ikagoma. Wakalizima jaribio, programu ikatoka, wateja wakaumia. Aliyelizima hakutangazwa popote.

Mtaalamu wa programu Kent Beck na wenzake walipoieneza desturi hii ya kuunganisha msimbo na kuujaribu mara kwa mara, mwishoni mwa miaka ya 1990, hawakutaka mapambo ya rangi. Nyekundu ikiwaka, watu waitengeneze kwanza, mengine baadaye. Roboti hailindi ubora wa programu ikiwa wenye programu wameshazoea kuipuuza. Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye seva: jaribio linalosingizia watu lirekebishe leo, na la kweli likifeli, programu isitoke.