Jinsi ya Kutekwa na Jiwe

Umeamua kumiliki jiwe la wino la Kichina? Karibu. Lakini ujue mapema: hujanunua pambo la sebuleni, umejipatia bwana. Fuata hatua hizi nne, na hutatoka mikononi mwake.

Kwanza, mjue atokako. Wasomi wa China walihesabu hazina nne za mezani: brashi, wino, karatasi na jiwe. Brashi huchakaa, wino huisha, karatasi huliwa na mchwa. Jiwe humzika mwenyewe. Lenye jina kubwa ni la Duan, kutoka Zhaoqing, mkoani Guangdong, lililoanza kuchimbwa enzi ya Tang (618–907). Machimbo yake bora yalikuwa yakijaa maji. Wachimbaji waliketi foleni shimoni wakipokezana mitungi kuyakausha, kisha wakatambaa kuling'oa jiwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nawe kila uligusapo, wakumbuke walioinama.

Pili, lipapase. Jiwe jema ni laini kama shavu la mtoto, lakini lina chembe ndogondogo zenye makali. Hizo ndizo zinazosaga wino mkavu. Zikikosekana, mche wa wino huteleza. Zikiwa kubwa mno, utapata uji wa masizi na brashi itakulilia.

Tatu, ukishika patasi, shika na adabu. Jiwe la Duan lina “macho”, viduara vya kijani au manjano, na wajuzi huyapambanua: yapo yaliyo hai, yanayotoa machozi na yaliyokufa. Lina pia weupe waliouita jani la mgomba. Mchongaji hodari halipi jiwe amri; hulisikiliza. Jicho likiwa juu, hulifanya mwezi, akalizungushia mawingu. Gu Erniang, mwanamke wa Suzhou wa mwanzoni mwa karne ya 18, aliupata ufundi huu katika ukoo wa mumewe, na wasomi kama Huang Ren wakamkabidhi mawe waliyoyapenda kama roho zao. Husimuliwa kwamba aliweza kulitambua jiwe zuri kwa kuligusa na ncha ya kiatu tu. Wewe anza na vidole.

Tena usichonge kila pahala. Joka lipe ukingo, maandishi yape ubavu au mgongo, bali uwanda wa kusagia uache mtupu, uteremke taratibu hadi kwenye kidimbwi cha wino. Joka likilala uwandani, wino utasagwa wapi? Jiwe lisilosaga limenyimwa kazi yake, hata lingechongwa kwa mwaka mzima.

Nne, saga. Dondoshea maji kidogo, simamisha mche, zungusha bila kukandamiza. Ukienda mbio, utapata mapovu. Ukitulia, wino utakolea na mawazo yatakaa sawa kabla hujaandika neno. Ukimaliza, lioshe siku hiyohiyo. Wino ule una gundi, na ukikaukia juu ya jiwe huziba yale makali.

Utajuaje kwamba umetekwa? Mtazame Mi Fu (1051–1107), bingwa wa mwandiko. Husimuliwa kwamba aliitwa kuandika mbele ya mfalme Huizong kwa jiwe la kasri. Alipomaliza, aliomba apewe, kwa kuwa mkono wake umekwisha kulitumia na halimfai tena mfalme. Akakubaliwa. Akalikumbatia na kutoka nalo mbio, wino ukimchuruzikia kanzuni.

Siku utakapoliona doa kama hilo kwenye nguo yako bora, nawe ukatazama kwanza kama jiwe li salama, mafunzo yamekwisha.