Sifa za Kitabu cha Getini

Nakuru imejaliwa vitu vya kusifiwa. Wenye kamera wana heroe wao ziwani, wapanda milima wana Menengai, na wanasiasa wana hati ya jiji tuliyopewa Desemba 2021. Mimi niachieni kitabu cha getini cha kuandikia wageni: kile kinene chenye jalada jeusi, kinachokaa juu ya stuli kando ya soja kwenye majengo ya ofisi ya Kenyatta Avenue, biro yake imefungwa kwa kamba isije ikaondoka na wakili. Kimetukanwa vya kutosha. Leo nakivika koja.

Kwanza nasaba yake, maana utukufu huanzia kwenye ukoo. Babu yake ni kipande, kitambulisho cha enzi ya mkoloni. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilitungwa 1915, ikaanza kuuma baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Vibarua wa mashamba ya walowezi huku Njoro, Molo na Naivasha wakatembea na kikopo cha chuma shingoni, ndani yake jina, alama za vidole, mshahara na neno la bwana aliyewaajiri. Ukitoroka kazi, karatasi inakusemea. Harry Thuku aliyekipinga alikamatwa Machi 1922 akapelekwa Kismayu. Kutoka ukoo mkali namna hiyo, mjukuu ametoka mpole: havaliwi shingoni, wala hajali unalipwa ngapi.

Fadhila yake ya kwanza ni uwazi. Jina, namba ya kitambulisho, simu, unakokwenda, saa ya kuingia, sahihi: safu zote zimepigwa mistari mbele ya macho yako, na anayekuuliza yuko papo hapo na sweta yake na chai yake ya thermos. Programu ya simu huomba ruhusa mara moja, kwa maelezo marefu yasiyosomwa na mtu, kisha inaendelea kuandika hata ukiwa umelala. Halafu uwazi wa kitabu ni wa wote. Ukingoja zamu yako ya biro, unasoma kwamba jirani yenu amepanda ghorofa ya tatu kwa wakili wa talaka, na mkewe alimtangulia kwa saa nzima. Facebook nao huenda wanayajua hayo, lakini ni wachoyo: humuuzia mwenye tangazo nafasi ya kumfikia huyo bwana, na wewe jirani huonjeshwi.

Fadhila ya pili, kinavumilia uongo. Andika jina la marehemu babu yako, punguza tarakimu moja kwenye namba ya simu, na penye saa weka vile vialama viwili vya "kama hapo juu". Nimeona ukurasa mzima ambao watu wote waliingia saa tatu unusu, kwa kuwa wa kwanza ndiye aliyekuwa na saa. Soja anatupa jicho, anasema, "Sawa mkubwa, pita." Jaribu kuiambia simu iliyo mfukoni kwamba uko Gilgil ilhali uko Salgaa. Na hapa Rift Valley ruhusa hiyo ya kudanganya si mchezo. Jina la pili hutaja kabila la mtu kabla hajafungua mdomo, na waliokuwa Nakuru wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, wanazijua siku ambazo hilo pekee lilitosha kumponza mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti. Kitabu kilikuwa kimeshalijua hilo. Unaandika "Peter" na unapita.

Fadhila kuu ni usahaulifu. Kikijaa hutupwa chini ya meza, panya wakachukua fungu lao, na kilichobaki kikafika kwa mama wa njugu karibu na stendi ya matatu. Nilipata kununua njugu za shilingi ishirini zilizofungwa katika ukurasa kama huo: mwanamume mmoja, kitambulisho chake, simu yake, "kulipa ada", na chumvi imegandia kwenye sahihi. Nilimaliza njugu, nikaifinyanga karatasi, na habari za yule bwana zikaishia hapo. Sasa tazama mradi wa Worldcoin. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni KICC, Nairobi, kupigwa picha za mboni za macho ili wapate sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, lakini ilibidi Mahakama Kuu itoe amri Mei 2025 ndipo data hizo zifutwe. Kitabu hufutwa na mvua moja.

Watesi wake watasema kinavujisha. Ni kweli: unaandika namba asubuhi, jioni unapigiwa na sauti tamu kwamba kuna pesa imeingia kwako kimakosa. Lakini kilichovuja ni namba yako peke yako. Programu za mikopo zilibeba namba zote zilizomo ndani ya simu, na ukichelewa kulipa anapigiwa shemeji, mchungaji na mwalimu wa mtoto. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizozipata kwa wengine ili kuwatumia vitisho. Kitabu nacho kinabanwa na Sheria hiyohiyo ya Ulinzi wa Data, karatasi haisamehewi. Mimi sikitetei mahakamani, nakisifu tu.

Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni 1 wa kujenga kituo cha data pale Olkaria, kiendeshwe kwa mvuke wa ardhi yetu. Kitabu chetu hakidai mvuke. Kinadai stuli na biro. Sisemi wakubwa hao waanze kuandika kwa mkono. Naomba wajifunze adabu ya getini: watuonyeshe ukurasa wetu tuusome, watuache tupite hata tukiruka safu, na ukurasa ukijaa wautupe. Njugu tutajinunulia wenyewe.