Printa Imeonekana, Karatasi Haijatoka

Ukiwa na steshenari Songwa, wilayani Kishapu, virusi nao ni wateja. Huja ndani ya flashi: ya mwalimu mwenye mtihani, ya kijana anayepeleka wasifu wake mgodini Mwadui. Ukiichomeka tu, mafolda yanageuka njia za mkato zisizofika popote. Ndiyo maana nilihamia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux. Virusi vikakata tamaa. Printa nayo ikakata tamaa.

Ni printa ndogo ya leza, ya mtumba. Nilichomeka waya wa USB, nikaandika lsusb, na kompyuta ikaitaja printa kwa jina la kampuni na namba zake, kwa heshima zote. Nikaagiza ichape. Kimya.

Kumbe printa za aina hii hazitunzi programu yao ya ndani. Kompyuta huipelekea printa programu hiyo kila printa inapowashwa. Ikizimwa, imesahau yote. Windows ilikuwa ikiituma bila kunisumbua. Ubuntu haikuwa na faili la programu hiyo, kwa kuwa watengenezaji wa printa hawaruhusu ligawiwe pamoja na mfumo. Shurti ulipakue mwenyewe. Basi printa yangu ilikuwa kama mgeni kijijini: kila mtu anamwona, lakini hahudumiwi mpaka alete barua ya mtendaji. Na umeme ukikatika, barua nayo imekwisha muda.

Asubuhi hiyo akaingia mzee mmoja na hati ya kuuza ng'ombe.

“Mwangaluka!” akanisalimu kwa Kisukuma.

“Shikamoo babu. Karibu ukae, inatoka sasa hivi.”

Haikutoka. Mpwa wangu, anayekaa kwenye kompyuta, akabonyeza tena. “Labda haijasikia, mjomba.” Kila nilipogeuka kutazama bando la simu linavyopakua faili, nilisikia kitufe kikibonyezwa.

Ili mzee asiondoke, nikamsimulia habari za Richard Stallman wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1980 hivi, printa ya maabara yao ilikuwa ikikwama bila kumwarifu mtu. Akaomba msimbo wa programu yake airekebishe, akanyimwa. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu huru. Na mwaka 1991 Linus Torvalds wa Ufini akaleta kiini cha Linux, kikaunganishwa na programu za GNU. Yaani mfumo huu una asili ya hasira za printa.

Mzee akatafakari. “Kwa hiyo huyo Mmarekani naye karatasi yake haikutoka?”

Faili likamalizika kupakuliwa. Nikalituma, printa ikaguna, karatasi ikatoka. Ikafuata nyingine. Na nyingine. CUPS, programu inayosimamia uchapaji kwenye Linux, huhifadhi kazi zote kwenye diski. Hata umeme ukikatika, foleni haipotei. Kila alichobonyeza mpwa wangu kilikuwa kikisubiri zamu yake.

Mzee akazipanga nakala mapajani, akazitazama moja moja.

“Mwanangu, mimi nimeuza ng'ombe mmoja. Hapa naona nimemaliza zizi.”

Nikamtoza nakala moja. Nyingine tukazigeuza karatasi za kufanyia hesabu.

Nawe mwenye steshenari unayefikiria Linux, hamia tu, mashine itatulia. Ila printa ikinyamaza, usibonyeze tena. Andika lpstat -o uione foleni, kisha cancel -a uifute. Na mpwa mtume akanunue soda.