Lipe Duara Lako Simu: Mwongozo kwa Wenye Maduara wa Nyarugusu

Mwenye duara, kaa chini kwanza, habari yenyewe ni nzito: duara lako, shimo lile la dhahabu, linatembea. Milimita moja leo, nusu milimita keshokutwa, na mvua zikikolea linaongeza mwendo. Wewe hulioni kwa sababu macho yako yako kwenye karasha la kusagia mawe. Matimba, ile miti inayoshikilia kuta, yanaliona, ndiyo maana yanalia usiku. Mwongozo huu unakufundisha kulipa duara hilo simu, ili likitaka kuanguka likupigie kabla.

Usiniambie hayo ni mambo ya migodi mikubwa yenye rada za kutazama kuta za shimo usiku na mchana. Ardhi haiulizi ukubwa wa leseni. Hapa hapa Nyarugusu, tarehe 26 Januari 2017, watu 15 walifukiwa kwenye mgodi wa RZ, wakatolewa wote wakiwa hai tarehe 29. Kule Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, sita walikaa chini siku 41, na mmoja wao hakurudi. Januari 2024, msimu wa mvua kubwa, Ng'alita mkoani Simiyu ilizika watu 22. Na yule mzee anayeujua mwamba kwa sikio, namheshimu, tena mpeni kiti cha mbele. Ila saa tisa ya usiku mzee amelala, na kitambuzi hakilali.

Anza na ufa. Kila duara lina ufa wake karibu na mdomo, ule ambao watu huuruka kila asubuhi kana kwamba ni mpaka wa shamba la jirani. Funga kipima ufa hapo, mguu mmoja upande huu, mwingine upande ule, yote miwili kwenye mwamba imara. Usikifunge kwenye timba. Mti unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, nawe utakuwa unapima afya ya mti.

Kisha yatafute maji, kwa sababu maji ndiyo mchokozi mkuu. Yakijaa kwenye nyufa za mwamba yanausukuma kwa ndani, na msuguano ulioushikilia unapungua. Kifaa chake kinaitwa pizomita. Ndani yake kuna waya mwembamba uliokazwa kama wa zeze. Shinikizo la maji likipanda, kiwambo kinabonyea, waya unalegea kidogo na sauti yake inashuka. Kifaa kinahesabu mitetemo ya waya kwa sekunde na kuigeuza kuwa shinikizo. Mwenye bwawa la marudio, yaani la topesumu linalobaki baada ya kuchenjua, naye asijifiche nyuma ya wenzake: ukuta wa bwawa la topesumu pale Mwadui ulibomoka tarehe 7 Novemba 2022, na ule ulikuwa mgodi mkubwa. Weka pizomita kwenye ukuta wako.

Sasa simu yenyewe. Mawimbi ya redio hayapenyi mwamba kwa umbali wa maana, kwa hiyo usizike kisambazaji chini ukategemea miujiza. Vuta kebo kutoka kwenye kitambuzi hadi mdomoni mwa duara, uipitishe ndani ya bomba la chuma, maana mbuzi wa Nyarugusu hawachagui chakula. Juu ya nguzo weka kisambazaji cha LoRa, aina ya redio inayotuma ujumbe mfupi mno, baiti chache tu, kwa umeme kidogo sana. Betri yake inaweza kukaa miaka, na pasipo na vizuizi ujumbe unasafiri kilomita kadhaa. Kipokezi kimoja chenye sola, kikiwekwa mahali pa juu, kinahudumia maduara mengi, hivyo changeni. Kiweke kwenye ua wa mtu anayelala hapo kila siku, kwa sababu sola isiyo na mwenyewe hupata mwenyewe haraka.

Kipokezi kinatumia laini ya simu kupeleka taarifa mbele. Weka laini mbili za mitandao tofauti na kumbukumbu ya ndani, ili mtandao ukikatika vipimo visipotee. Na bando, ndugu yangu, bando! Likiisha Ijumaa, mwamba hausubiri Jumatatu. Mteue mtu wa kulinunua, jina lake liandikwe ukutani.

Vipimo vikianza kuingia, usikimbie siku ya kwanza. Ufa hupanuka na kujibana kwa jua na baridi, kwa hiyo linganisha kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi na cha saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Ukiona ufa umefunguka milimita tano, uliza: kwa muda gani? Mwendo ndio unaosema. Mwaka 1985 Mjapani Fukuzono alionyesha hesabu ambayo hata karani wa kuhesabu mifuko ya mawe ataifanya: gawa moja kwa mwendo. Tuseme Jumatatu ufa umekwenda milimita moja kwa siku, jibu ni 1. Jumanne milimita 1.25, jibu ni 0.8. Jumatano milimita 1.67, jibu linakaribia 0.6. Jibu linashuka 0.2 kila siku, na mstari huo ukiuendeleza unagusa sifuri Jumamosi. Sifuri maana yake ni kuanguka. Hesabu hii ni ya makadirio, tena mvua moja inaweza kuifanya siku hiyo ifike mapema. Basi watu watoke Jumatano. Anayesubiri Ijumaa jioni ili amalizie mifuko miwili anacheza kamari kwa roho za watoto wa wenzake.

Hapa ndipo vifaa vyote vinapofika mwisho wa uwezo wao. Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019, bwawa la topesumu lilibomoka na kuua watu 270. Lilikuwa na pizomita za kujisomea zenyewe, na siku kadhaa kabla baadhi yake zilikuwa zimetoa vipimo vya ajabu. Siku yenyewe king'ora hakikulia. Kwa hiyo king'ora chako kisisubiri mkutano wa wenye hisa. Kipimo kikivuka kiwango mlichokiweka kutokana na tabia ya duara lenu, king'ora kilie chenyewe, na msimamizi wa zamu awe na mamlaka ya kufunga duara bila kumpigia mtu yeyote simu, hata wewe mwenye leseni uliyeko Mwanza. Kijaribuni kila wiki, watu wakiwa chini kweli, mkiangalia mtu wa mwisho anatoka baada ya dakika ngapi.

Bado kuna suala la mifuko ya mawe. Wachimbaji wetu wengi wanakula mgao wa mawe, hawana mshahara, na aliyetoka kwa king'ora anajua waliobaki watachukua fungu lake. Ndiyo maana watu hawatoki, hasa siku dhahabu imeonekana. Andikeni kwenye mkataba wa duara, mbele ya kiongozi wa kikundi: aliyetoka king'ora kilipolia anahesabiwa mgao wake kamili wa zamu hiyo, hata ikiwa king'ora kilikosea. Gharama hiyo iwe ya mwenye duara, na ilipwe siku hiyo hiyo.